Nani Afunge Mabano? Historia ya Ufungaji Mabano wa Kiotomatiki na Mipangilio Yake katika Vihariri vya Matini

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa programu za kompyuta anapobonyeza kitufe cha bano la kufungulia, vihariri vingi vya matini vya leo humwandikia papo hapo bano la kufungia na kukiacha kishale katikati. Tendo hili ni dogo kiasi kwamba historia nyingi za kompyuta hazilitaji. Hata hivyo, mtu akiifungua mipangilio ya kihariri kinachotumika sana, atakuta kwamba tendo hilo dogo limezungukwa na machaguo mengi. Lifanyike daima, au lisifanyike kabisa. Lifanyike pale tu ambapo mbele pana nafasi tupu. Lisifanyike ndani ya maelezo. Alama za mtajo zitendewe tofauti na mabano. Bano lililokwisha kuandikwa na mashine lirukwe au liandikwe upya. Insha hii inauliza machaguo hayo yalitoka wapi.

Hoja inayotetewa ni kwamba machaguo hayo ni mabaki ya mgogoro wa muda mrefu kuhusu dhamana ya ulinganifu wa matini: je, ni ya mkono unaoandika au ni ya mashine inayoandikiwa? Vihariri vilivyojitwalia dhamana hiyo yote vilibaki na wafuasi wachache. Vilivyoenea ni vile vilivyomruhusu mwandishi aendelee kuandika kana kwamba mashine haikufanya lolote. Ushahidi unatokana na miongozo ya watumiaji, majina ya machaguo yenyewe, na tabia za programu ambazo hadi sasa zinaweza kuendeshwa na kuchunguzwa. Aina hii ya mwisho ya ushahidi ina thamani ya pekee. Mwanahistoria wa karne ya kumi na tisa hawezi kumwamsha karani wa zamani amwone akiandika, lakini mtafiti wa vihariri anaweza kukiamsha kihariri cha zamani na kukiona kikikosea.

2.0 Lisp na madeni ya nyuma

Lugha ya Lisp ilibuniwa na John McCarthy katika chuo cha MIT, Marekani, kuanzia mwaka 1958, na makala yake ya msingi ilichapishwa mwaka 1960. McCarthy hakukusudia kwamba watu waandike programu zao kwa mabano ya mviringo matupu. Alipendekeza maandishi ya namna mbili: ya kwanza, yenye mabano ya mviringo, yalikuwa ya data, ya pili, yaliyotumia mabano ya mraba na kukaribiana zaidi na hisabati ya kawaida, yalikuwa ya programu. Kisha Steve Russell alitambua kwamba kanuni iitwayo eval, ambayo McCarthy aliitoa kwa madhumuni ya nadharia, ingeweza kugeuzwa kuwa programu halisi ya kompyuta ya IBM 704. Kifasiri kikapatikana, nacho kilisoma maandishi ya namna ya kwanza. Namna ya pili haikukamilishwa kamwe, na kizazi kilichofuata cha waandishi wa Lisp kikazoea, hata kikayapenda, maandishi ambayo hayakukusudiwa macho yao.

Matokeo ya tukio hilo yalikuwa mzigo wa kuhesabu. Katika Lisp kila usemi hufunguliwa na kufungwa kwa bano, na semi hukaa ndani ya semi nyingine, hivyo mabano ya kufungia hurundikana mwishoni. Usemi mfupi kama (a (b (c))) tayari unadai mabano matatu mfululizo. Anayefungua bano huwa anajua analolitaka. Anayefika mwisho huwa analipa madeni ya nyuma, na akisahau moja, kosa halionekani pale lilipotendeka bali mbali nalo, mara nyingi mwisho wa faili. Tofauti hii ya asili kati ya mabano mawili yanayoonekana kuwa sawa ndiyo inayoeleza kwa nini, katika historia yote inayofuata, mashine ilijitolea kuandika bano la pili na kamwe si la kwanza.

Jibu la mapema ambalo insha hii inalichukua kuwa ni ufungaji wa kiotomatiki halikuwa katika kihariri bali katika kifasiri chenyewe. Mfumo wa Interlisp, uliokuzwa katika kampuni ya BBN na kisha katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC katika miaka ya 1970, uliruhusu bano moja la mraba la kufungia kulipa madeni yote kwa mkupuo: alama ] ilifunga kila bano la mviringo lililokuwa wazi, na kama nyuma palikuwa na [ ilikomea hapo. Mtu aliyeandika (a (b (c] alikuwa amesema jambo lilelile kama aliyeandika mabano matatu kamili. Kwa kuwa Interlisp iliihifadhi programu kama muundo na si kama mfuatano wa herufi, mfumo ulipoichapa upya uliyarejesha mabano yote mahali pake.

Katika mfumo huohuo Warren Teitelman alijenga huduma iliyojulikana kwa herufi DWIM, maana yake ikiwa mashine ifanye kile ninachokikusudia. Mfano mmoja wa utendaji wake unaihusu mada yetu moja kwa moja. Katika kibodi za Teletype za enzi hizo, mabano yalikaa juu ya tarakimu 8 na 9, na yalihitaji kitufe cha pili kishikiliwe. Kidole kikichelewa, karatasi ilipokea 8 badala ya bano la kufungulia, au 9 badala ya la kufungia. DWIM ilipokutana na jina lisilofahamika lenye tarakimu hizo, iliweza kudhani kwamba bano ndilo lililokusudiwa na kusahihisha. Wapo walioishukuru, na wapo waliozigeuza herufi zake kuwa laana kwa mashine ya Warren. Lawama yao ilikuwa kwamba mashine ilisahihisha kwa mazoea ya mtu aliyeijenga, na mazoea yake hayakuwa lazima yawe ya kila mtu. Lawama hiyo itajirudia.

3.0 Kuonyesha bila kuandika

Kihariri cha vi, kilichoandikwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kilichukua msimamo wa kiasi. Hakikuandika bano lolote. Mwandishi alipoandika bano la kufungia, na kama alikuwa amewasha chaguo liitwalo showmatch, kishale kiliruka kwa muda mfupi hadi kwenye bano la kufungulia linalolingana nalo, kisha kikarudi. Aidha, kitufe cha % kilimpeleka mwandishi kutoka bano moja hadi mwenzake kila alipotaka. Ulinganifu ulibaki kuwa kazi ya binadamu, na mashine ilikuwa shahidi tu.

Ni rahisi kuuona msimamo huo kuwa falsafa, lakini hali ya vifaa inapaswa kuzingatiwa kwanza. Joy amesimulia kwamba alifanya kazi hiyo kwa modemu ya baud 300, yaani takriban herufi 30 kwa sekunde. Katika terminali sahili za wakati huo, kuingiza herufi katikati ya mstari kulimaanisha kuuchora upya mstari wote uliobaki kulia. Kukipeleka kishale mahali fulani na kukirudisha kulikuwa nafuu zaidi. Kwa maoni yangu, unyenyekevu wa vi mbele ya mwandishi ulitokana kwa sehemu kubwa na uchache wa herufi zilizoweza kupita katika waya wa simu. Baadaye, waya ulipopanuka, unyenyekevu huo ulibaki na kutetewa kama kanuni.

Emacs, iliyoanza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT kwa kazi ya Richard Stallman na wenzake, ilipitia njia ya karibu na hiyo. GNU Emacs, iliyotolewa kwa umma mwaka 1985, ilimulika bano la kufungulia kila la kufungia lilipoandikwa. Hata hivyo ilikuwa pia na amri ya kuandika jozi nzima kwa mara moja, iliyoitwa kwa kitufe cha Meta pamoja na bano la kufungulia. Tofauti kati ya amri hiyo na ufungaji wa leo ni ya msingi: jozi iliandikwa na mwandishi aliyeiagiza, kwa kitufe cha pekee, wakati kitufe cha kawaida kiliendelea kuandika herufi moja tu. Vitufe vilivyofanya zaidi ya kuandika herufi yao viliitwa, katika msamiati wa Emacs, vitufe vya umeme, jina linalobeba sifa na tahadhari kwa pamoja.

4.0 Vihariri vilivyoshika kila kitu

Sambamba na njia hizo palikuwa na njia ya tatu iliyokuwa na ujasiri zaidi. Wilfred Hansen, katika tasnifu yake ya mwaka 1971 ya Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mfumo uitwao Emily, ambamo matini ya programu iliundwa kwa kuchagua violezo kutoka katika orodha kwenye skrini. Nchini Ufaransa, watafiti wa INRIA walijenga Mentor kwa msingi wa wazo la karibu na hilo. Maarufu zaidi ni Cornell Program Synthesizer ya Tim Teitelbaum na Thomas Reps, iliyoelezwa katika makala ya mwaka 1981 na kutumika kuwafundishia wanafunzi wanaoanza. Humo, mwanafunzi aliyetaka kuandika sharti au mzunguko aliita kiolezo. Maneno maalumu na alama zote za kiolezo zilikuja kwa pamoja na hazikuweza kuhaririwa. Kusahau kuufunga muundo hakukuwezekana, kwa sababu hapakuwa na tendo la kuufunga. Semi ndogo za ndani ziliandikwa kwa mkono na kukaguliwa.

Kwa kipimo cha ulinganifu peke yake, tatizo lilikuwa limetatuliwa kikamilifu. Kwa nini basi waandishi wengi wa programu hawakuhamia huko? Mwaka 1982 Richard Waters wa MIT aliandika kwamba vihariri vya programu havipaswi kuziacha amri za matini, na hoja yake inagusa kiini cha jambo. Anayebadilisha programu mara nyingi hupita katika hali isiyo sahihi ili afike kwenye hali nyingine iliyo sahihi. Hufuta bano, huhamisha mstari, kisha hulirudisha bano mahali pengine. Kihariri kisichokubali hali ya kati kinamtaka ajue njia nzima kabla ya hatua ya kwanza. Kwa maneno mengine, kutolingana kwa muda ni sehemu ya kufikiri, na Synthesizer ililitendea kama kosa tu.

Wazo hilo halikufa. Taylor Campbell alilirejesha katika Emacs kwa programu-nyongeza ya paredit, iliyoanza mwaka 2005, inayokataa kufuta bano lolote isipokuwa jozi ikiwa tupu. Badala ya kufuta na kuandika upya, mwandishi hupewa amri za kulifanya bano limeze usemi wa jirani au liutapike nje. Majina hayo ya mezani ndiyo majina rasmi ya amri hizo. Wafuasi wa paredit ni waaminifu sana, lakini karibu wote ni waandishi wa Lisp na jamaa zake, ambako mabano ndiyo sarufi nzima.

5.0 Maafikiano ya kurukia

Sura ya leo ya ufungaji wa kiotomatiki ilienea mwanzoni mwa karne hii, kupitia kihariri cha Java cha Eclipse na, kwa namna iliyoigwa zaidi, kupitia TextMate ya Allan Odgaard, iliyotolewa mwaka 2004 kwa kompyuta za Apple. Kilichoenea hakikuwa kanuni moja bali fungu la kanuni, na iliyo muhimu kuliko zote ndiyo isiyosifiwa: kanuni ya kurukia.

Tuchukue mtu aliyezoea kuandika f(x) kwa vitufe vinne. Anapobonyeza bano la kufungulia, mashine huandika mabano mawili. Anaandika x katikati yake. Mkono wake, usiojua lolote kuhusu msaada aliopewa, unabonyeza bano la kufungia. Mashine ikitii, matokeo ni f(x)), na msaada umegeuka kosa. Kanuni ya kurukia husema kwamba ikiwa mbele ya kishale tayari pana bano hilohilo, kitufe kisiandike kitu bali kikivushe kishale. Matokeo ni f(x), sawasawa na alivyotaka. Kanuni pacha husema kwamba anayefuta bano la kufungulia wakati jozi ni tupu afutiwe yote mawili. Kwa kanuni hizi mbili, mtu anaweza kuandika kwa mazoea ya mashine ya taipu na asigundue kwamba kihariri kinamsaidia. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ufungaji wa kiotomatiki uliposhinda pale ambapo Synthesizer ilishindwa. Haukuwa na akili zaidi, na kwa hakika ulijua machache zaidi kuhusu sarufi ya programu. Lakini haukumtaka mwandishi akiri kwamba upo.

Maafikiano hayo yalizaa migogoro midogo, na kila mgogoro ulizaa chaguo. Mfano ulio wazi ni wa mwandishi anayetaka kuuzungushia mabano usemi uliokwisha kuandikwa, x + y. Anaweka kishale mbele ya x na kuandika bano la kufungulia. Mashine iliyo na haraka inampa ()x + y, naye inambidi afute alichopewa kabla ya kuendelea. Kwa hiyo Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2015, ina orodha ya herufi ambazo zikiwa mbele ya kishale ndipo mashine iruhusiwe kufunga: nafasi, nukta na mkato, mabano mengine ya kufungia, na kadhalika. Chaguo kuu la kihariri hicho, ambalo awali lilikuwa la ndiyo au hapana, lilipanuliwa kuwa majibu manne: daima, kamwe, mbele ya nafasi tupu tu, au kama lugha inavyoelekeza. Jibu hili la mwisho linastahili kuangaliwa. Linamleta mtu wa tatu kati ya mwandishi na kihariri, yaani yule aliyeandika faili la maelekezo ya lugha husika, na kumpa mamlaka ya kuamua ni jozi zipi zifungwe na wapi zisifungwe.

Kanuni ya kurukia nayo ilipata chaguo lake. Je, mashine irukie bano lolote lililo mbele, au lile tu ambalo yenyewe iliandika? Visual Studio Code huweza kukumbuka ni mabano yapi yalitoka kwake na kuyarukia hayo peke yake. Emacs ilitumia hesabu badala ya kumbukumbu. Ufungaji wa kiotomatiki uliingia humo katika toleo la 24.1 la mwaka 2012 kwa jina la electric-pair-mode, na katika toleo la 24.4 la mwaka 2014 uliongezewa uwezo wa kupima ulinganifu wa matini iliyopo: ikiwa bano la kufungia limebaki bila mwenzake, bano jipya la kufungulia huandikwa peke yake ili kuliziba pengo. Pamoja na ustadi huo wote, Emacs imeuacha ufungaji ukiwa umezimwa hadi mtumiaji auwashe mwenyewe. Kuonyesha mabano yanayolingana, kwa upande mwingine, kumewashwa kwa wote tangu toleo la 28 la mwaka 2022. Mpaka uliowekwa na terminali za miaka ya 1970 bado unaheshimiwa humo.

6.0 Alama isiyo na mwenzake

Mabano yana maumbo mawili tofauti, na mashine inaweza kujua lipi linafungua. Alama ya mtajo ya kibodi ya kawaida, ', ina umbo moja tu, na katika matumizi mengi haina mwenzake kabisa. Katika Lisp hutangulia usemi bila kufungwa. Katika lugha ya Rust hutangulia jina la muda wa uhai wa rejeo, kama 'a, na haifungwi. Katika Kiingereza huonyesha herufi zilizodondoshwa. Na katika tahajia sanifu ya Kiswahili, alama hiyohiyo, ambayo sisi huiita ritifaa, ni sehemu ya konsonanti ng'.

Tuseme kihariri kinafunga kila ' bila masharti, lakini kina kanuni ya kurukia. Anayeandika ng'ombe atapata ng'ombe', kwa sababu ritifaa ya pili iliandikwa na mashine na kusukumwa hadi mwisho wa neno. Anayeandika nang'ang'ania, kwa upande wake, atapata neno sahihi kabisa: ritifaa ya mashine inayosukumwa mbele inakutana na ritifaa ya pili ya mwandishi, na kanuni ya kurukia inaifanya moja kuwa nyingine. Usahihi huo ni wa bahati tu. Unaonyesha kwamba kanuni zilizotungwa kwa msimbo zinaweza kutoa Kiswahili sahihi au kibovu bila kujua kwamba zimekutana na Kiswahili.

Vihariri vingi vimeliepuka tatizo hili kwa kanuni nyingine: alama ya mtajo isifungwe ikiwa nyuma yake pana herufi. Hali ya kuandikia matini ya kawaida katika Emacs huenda mbali zaidi na kuihesabu ' kuwa sehemu ya neno. Ni dhahiri kwamba aliyefikiriwa ni mwandishi wa Kiingereza na maneno yake yaliyofupishwa. Kwa kuwa ritifaa ya ng' daima hutanguliwa na herufi g, Kiswahili kilipata hifadhi ambayo hakikuiomba. Hifadhi hiyo ina mipaka. Mhariri wa tenzi za kale anayenukuu kwa hati za Kilatini maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu huhitaji alama ya herufi ain, na wengi huiandika kwa ' mwanzoni mwa neno, kama katika 'Abdallah au 'Ali. Hapo nyuma pana nafasi tupu, kanuni ya herufi haifanyi kazi, na mashine hufunga.

La kushangaza kidogo ni kwamba mhariri huyohuyo akihamia kwenye hati za Kiarabu zenyewe, mabano yake hayampi taabu ya namna hiyo. Toleo la kwanza la Unicode liliita alama ( bano la kufungulia, matoleo yaliyofuata yaliita bano la kushoto, lakini kanuni za uelekeo ziliendelea kuligeuza umbo lake katika mstari unaosomwa kutoka kulia. Jozi katika faili la mipangilio hutambuliwa kwa namba ya herufi na si kwa umbo lake, hivyo bano linalofungua hufungua katika mielekeo yote miwili.

Kwa ritifaa hakuna suluhisho la aina hiyo linalotumika kwa urahisi. Unicode inayo alama ya namba U+02BC, inayofanana na ritifaa na kuhesabiwa kuwa herufi, ambayo kihariri hakingeichukulia kuwa mtajo. Kibodi za kawaida hazina kitufe chake, na neno lililoandikwa nayo halipatikani linapotafutwa kwa ritifaa ya kawaida. Kwa hiyo mtafiti huongeza mstari mmoja katika mipangilio yake, unaoiondoa ' katika orodha ya jozi pale anapoandika matini ya Kiswahili, na mstari huo hauonekani popote katika tasnifu anayoiwasilisha.